Mizabibu Aliyoing'oa kwa Simu

Shamsi, mwenye duka la vyombo pale Sumbawanga mjini, hajawahi kuonja mvinyo maishani mwake na hana mpango huo. Dini yake haimruhusu, na mwenyewe husema hata harufu yake haimtamanishi. Lakini ndiye aliyewaelekeza wale wageni. "Mimi sionji," aliwaambia, "ila kuna mama mmoja wa njia ya kwenda Chala huja kununua chupa tupu kwangu. Kila mwaka anaongeza. Mtu haongezi chupa za kitu kinachomwagwa." Wageni wakaona huo ni ushahidi wa kutosha, wakawasha gari.

Walikuwa mtu na mkewe, Flavian na Hellena, walimu wa Dodoma. Wenzao shule zikifungwa huenda kusalimia wazazi. Wao huzunguka nchi wakitafuta mahali panapotengenezwa mvinyo. Wanaonja, wanapiga picha, kisha wanaandika kwenye ukurasa wao mtandaoni wapi msafiri asimame na wapi apite moja kwa moja. Safari hii walikuwa wanaelekea Kirando kuliona ziwa, na tangu Tunduma hawakuwa wameandika kitu. Mahali pamoja walipewa sharubati ya rozela iliyotiwa gongo, wakaambiwa hiyo ndiyo divai. Mahali pengine walikuta mwenye mvinyo amesafiri, na mvinyo wake amekwisha kuunywa mwenyewe.

Kristiana, yule mama wa chupa tupu, alikuwa uani anapepeta ulezi gari liliposimama. Akawaona wanateremka, wanakinga macho kwa viganja, wanatazama juu mlimani kwenye mawe, mahali ambapo mwenyeji hatazami tena. Mizabibu ilikuwa kule. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Tumetoka Dodoma," alisema Hellena. "Tunatafuta mvinyo, tukaambiwa huku kwako upo."

Kati ya maneno yote hayo Kristiana alisikia moja tu, Dodoma, akalazimika kuuweka ungo chini.

Inabidi nieleze, maana bila hivyo utamwona kama mama anayeshtuka bure. Mumewe, Fabiani, yuko huko Dodoma. Alikwenda kwa misimu miwili ya kilimo, na huu sasa ni mwaka wa kumi na moja. Katika miaka yote hiyo Kristiana hakuomba mumewe atajirike wala arudi na zawadi. Alichokitaka ni kimoja: siku moja Fabiani asikie, kutoka mdomoni mwa mtu mwingine asiye yeye, kwamba mizabibu yake inazaa.

Mizabibu yenyewe aliileta Fabiani. Alikuwa amekwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, huko Dodoma, akarudi na vipande arobaini vya kupanda, vimeviringishwa kwenye gunia lililoloweshwa, akamkabidhi mkewe kama anayekabidhi mtoto mchanga. Siku ya pili akaitwa msibani Namanyere. Kristiana, akitaka kumfurahisha, akavipanda vyote kabla hajarudi. Na akavipanda vizuri, kama alivyofundishwa na mama yake: akafyeka majani, akayakusanya mafungu mafungu, akayafukia kwa udongo na kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Mfipa huyapandia maharage, na mwaka unaofuata huyatawanya akapanda ulezi. Udongo wa ntumba huwa mweusi, laini, umeshiba. Mpe mwanamke wa Ufipa kipande cha mmea asioujua, hata uwe umetoka mbinguni, ataupandia ntumba. Hapo sioni wa kumlaumu. Tatizo ni kwamba mzabibu haukuzaliwa Ufipa.

Basi ukaota! Mwaka wa kwanza majani, wa pili majani, wa tatu msitu. Kuku wakawa wanatagia humo na mayai hayaonekani. Zabibu, hakuna hata moja. Wanaume kilabuni wakaanza kumwuliza Fabiani kama divai yake ya majani iko tayari. Naye hakumkaripia mkewe. Hakusema neno, na hilo ndilo lililomuuma Kristiana kuliko kama angegombezwa, kwa sababu mume anayegomba unajua alipo. Siku moja akafunga begi. "Nakwenda Hombolo kuuliza dawa yake," alisema. "Misimu miwili tu."

Msimu wa pili ulipoisha alipiga simu kusema atabaki mmoja zaidi. Siku hiyo Kristiana alikuwa ametoka kuchekwa kisimani.

"Baki tu," akamwambia. "Mizabibu yako nimeing'oa yote. Nimepanda ulezi."

Fabiani akasema, "Sawa."

Na ubaya wa uongo ule ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Miezi michache kabla, Kristiana alikuwa ameona jambo. Kipande kimoja kilichokosa nafasi kwenye ntumba alikuwa amekichomeka nyuma ya choo, kwenye changarawe tupu, akakisahau. Kikaota kimekonda, majani ya kuhesabu, kikazaa vichala vinne. Alisimama mbele ya vile vichala mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe ile shibe ndiyo iliyokuwa inaiharibu mizabibu! Akaing'oa yote kwenye ntumba, akaipandisha mlimani kwenye mawe, mahali ambapo hata muhogo hukataa. Alikuwa amekusudia kumpa mumewe habari hiyo kwa simu ileile. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, anatabasamu, anangoja zamu yake ya kusema. Kisha akasikia "nabaki," na ulimi ukaenda njia yake.

Tangu hapo Fabiani akawa mtu wa kupiga Noeli na Pasaka. Anauliza afya, anauliza mvua, anamuulizia Coleta, binti yao. Mizabibu hakuiuliza tena. Coleta alipoolewa kijiji cha Muze, baba alituma vitenge na salamu, akasema mgongo unamsumbua. Mizabibu ilikuwa imeanza kuzaa wakati huo, na Kristiana alimwapisha binti yake asimwambie baba yake hata nusu neno. "Akirudi, arudi kwa ajili yangu," alisema. "Asirudi kwa ajili ya zabibu."

Maneno mazuri, ya kusema ukiwa umesimama wima. Lakini alikuwa anadanganya kwa mara ya pili. Fabiani angerudi kwa ajili ya zabibu, au ya mbuzi, au ya kufuata koti alilosahau, Kristiana angempokea. Alimtamani mume wake. Alitamani kile kikohozi chake cha mlangoni kabla ya kuingia. Alitamani hata ule mtindo wake wa kuvulia viatu katikati ya njia, uliokuwa ukimuudhi kila siku ya Mungu.

Sasa uelewe kwa nini aliwakaribisha wale walimu wa Dodoma kwa haraka vile, akawapangusia viti ambavyo havikuwa na vumbi.

Akaleta chupa na vikombe vitatu. Ilikuwa Kwaresima, na Kristiana alikuwa amejinyima mvinyo na nyama mpaka Pasaka. Lakini huku kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Usipoonja, hata uwe umemmiminia asali, itabaki kikombeni. Akatazama juu, akaomba radhi kimoyomoyo, akapiga funda moja. Ndipo akawamiminia.

Hellena akaonja. Akaonja tena, safari hii macho amefumba. Flavian alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Weka hiyo kalamu," mkewe akamwambia. "Kunywa kwanza."

Flavian akanywa, akakitazama kikombe, akamtazama Kristiana. "Mama, huu umeutengeneza hapa? Kwa mikono yako?"

"Kwani imepungua nini?" Kristiana akasema, na wote wakacheka.

"Dodoma jua ni kali, zabibu zinaiva mbiombio," alisema Flavian. "Hizi zako zimeiva polepole, kwa baridi. Unasikia ukali kidogo, kisha utamu unakuja nyuma yake. Huu tunauandika. Mtu atoke Dodoma aje mpaka hapa, na asinung'unike njiani."

"Na huko Dodoma wanausoma huo ukurasa wenu?"

"Wenye mizabibu wote wanausoma. Wengine ili watutukane tu, lakini wanasoma."

Kristiana akainuka. Miaka mingapi aliyaomba hayo! Akawapandisha mlimani mwenyewe, akiwatangulia juu ya mawe kama msichana, akawaonyesha mistari yake: kutoka vile vipande arobaini alikuwa amefikisha mashina mia mbili na kitu. Walipomwuliza alijifunzaje, hakuona sababu ya kuficha. Akawasimulia habari ya ntumba, majani yaliyofukiwa, msitu wa miaka mitatu, mayai yaliyopotelea humo. Alisimulia vizuri, alikuwa hajapata wa kumsimulia kwa muda mrefu.

Hellena akamgeukia mumewe. "Si ndiyo hadithi ya Mfipa hii?"

"Mfipa yupi?" Kristiana akauliza.

"Kuna mzee mmoja kule Hombolo, fundi wa kupogoa. Wote wanamwita Mfipa. Anayekwenda kujifunza kwake lazima aanze na hadithi hiyo. Anasema alipata mizabibu akaipanda kwao kama maharage, juu ya majani, akavuna msitu. Anacheka mpaka anafuta machozi. Anawaambia, msiwe wajinga kama mimi."

"Kama nani?"

"Kama yeye."

"Anasema aliyepanda ni nani?"

"Yeye mwenyewe, mama." Hellena akanyoosha mikono mbele, akiigiza. "Anasema hivi: 'Mikono hiihii.'"

Kristiana akakaa juu ya jiwe. Miaka kumi na moja alikuwa anaamini kwamba mumewe yuko Dodoma anamlaani. Kumbe yuko Dodoma anamsitiri, mbele ya watu wasiomjua na ambao hawatakaa wamjue. Alitaka kulia lakini kulikuwa na swali lililotangulia machozi, na ni swali ambalo mwanamke yeyote angeliuliza.

"Ana mtu huko?"

Sasa Hellena naye akaelewa. Akainama, akachuchumaa karibu yake. "Hana, mama. Anakaa peke yake, chumba kimoja palepale shambani. Anajipikia. Tuliwahi kumwuliza kwa nini harudi kwao. Akasema, 'Nilitoka kutafuta dawa. Nilipoipata, mgonjwa alikuwa amekwisha kuzikwa. Nirudi na dawa nikampe nani?'"

Hapo Kristiana alilia kidogo, kwa khanga mdomoni, na wageni wakatazama pembeni kwa adabu. Alipomaliza, Flavian akatoa simu.

"Namba yake ninayo, mama. Au hata usijisumbue. Sisi tunaandika tu, tunaweka na picha na jina lako. Akifungua ataona mwenyewe."

Ndicho alichokuwa akikiomba tangu zabibu za kwanza. Mdomo wa mtu mwingine ulikuwa umekuja mpaka uani kwake, umenywa, umesifu, na uko tayari kusema. Kristiana akautazama huo mdomo, mwema kabisa, akaona hautafaa.

"Msiandike," alisema. "Niliyemwambia nimeing'oa ni mimi. Hili la kwamba haikung'oka asilisome kwenye simu na watu wengine wote. Niachieni mpaka niwaambie."

Wakakubali. Wakachukua chupa sita, wakaondoka kwenda zao Kirando.

Kristiana akarudi juu kwenye jiwe la mwisho, ambako mtandao hushika, akapiga kabla ujasiri haujampungukia. Haikuwa Noeli wala Pasaka, kwa hiyo Fabiani alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukaa chini.

"Mama Coleta? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Sikuing'oa."

"Hukuing'oa nini?"

"Mizabibu. Niliihamisha tu, ikaenda mlimani kwenye mawe. Inazaa, Baba Coleta. Huu mwaka wa nane inazaa, na mimi nimekaa kimya kama mchawi."

Alidhani mtandao umekatika. Akaitoa simu sikioni, akaitazama, dakika zilikuwa zinahesabika. Kisha akasikia swali.

"Ukipogoa unaacha macho mangapi ya kuchipua kwenye tawi?"

"Mawili."

"Nani alikufundisha?"

"Mbuzi wa jirani. Aliingia akala mstari mzima, akabakiza macho mawilimawili. Mstari huo ndio uliozaa kuliko yote. Mwaka uliofuata nikakata mwenyewe kama alivyokata yeye."

Fabiani akacheka. "Mimi ilinichukua miaka minne na mabwana shamba watatu kulijua hilo." Akaendelea kucheka, na kicheko kikabadilika katikati kikawa kitu kingine.

"Wageni wameniambia unavyosimulia," Kristiana akasema. "Kwamba wewe ndiye uliyepanda kwenye ntumba."

"Ndiyo."

"Nilipanda mimi."

"Najua ulipanda wewe. Nilirudi msibani nikakuta umevipanda vyote, mgongo umekupinda, udongo mpaka kwenye nyusi, unacheka. Nimekuwa nikiiona sura ile miaka yote hii. Ningeanzaje kuwaambia watu wakucheke?"

"Basi rudi."

"Nirudi na uso gani? Watu wa huko..."

"Watu wa huku wamechoka kutucheka, sasa wanakuja kuomba chupa za Komunyo ya Kwanza. Sikiliza. Mwisho wa Aprili, mvua zikikata, napogoa. Lakini sikuiti kwa ajili ya kupogoa. Nilijidai nataka urudi kwa ajili yangu, sasa naacha kujidai, nakwambia. Nimekutamani mpaka nimechoka. Rudi."

"Nitaangalia," alisema Fabiani.

Sijui nani aliwafundisha wanaume neno hilo. Halina mlango wala dirisha. Mtu unalizunguka tu.

Pasaka ikafika, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja simu haikuita. Kristiana alitoka misa ya mkesha, akatoka na misa ya asubuhi, akapika, Coleta na mumewe wakaja, wakala, wakaondoka, simu iko mezani imenyamaza. Akajiambia amelikoroga. Angeacha mambo yalivyokuwa angalau angepata ile sauti mara mbili kwa mwaka.

Mvua zikakata. Mzabibu nao hausubiri maridhiano ya watu. Macho yalianza kuvimba kwenye matawi, na ukichelewa kukata, nguvu yote inaishia kwenye majani. Aliacha wiki ya kwanza ipite. Akaacha ya pili. Flavian alituma ujumbe kuuliza kama waandike sasa. Akamjibu kwamba wasubiri. Kila basi la kutoka Sumbawanga lilipopita barabara kuu alisimama, akasikiliza kama litapunguza mwendo, halikupunguza. Jirani yake akamwambia mbele ya watu kwamba mwaka huu ataukosa mvinyo kwa sababu ya kungoja hewa.

Jumatatu ya tatu aliamka, akanywa uji, akachukua makasi akapanda mlimani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya kawaida tu, ile unayoweza kufanya nayo kazi. Akaanza mstari wa chini: macho mawili, kata, macho mawili, kata. Alikuwa amefika shina la tisa simu ilipoita kwenye pindo la kitenge. Namba ilikuwa ya Fabiani. Akaipokea akiwa amekwisha kuamua kwamba hatauliza kitu.

"Mama Coleta, umeshaanza?"

"Nimeanza leo. Nisingeweza kungoja zaidi."

"Umefanya vizuri. Pasaka sikupiga kwa kuwa niliogopa utaniuliza kama nakuja, na mimi nilikuwa bado natetemeka."

"Na sasa?"

Nyuma ya sauti yake aliwasikia watu wengi wanalalamika, mtoto analia, chuma kinagongwa.

"Sasa niko Laela," alisema Fabiani. "Basi limepasua tairi, wametuteremsha wote barabarani."

Laela. Mtu akishafika Laela amekwisha kuingia Ufipa. Kristiana alikaa chini palepale kwenye mawe, kati ya shina lililokatwa na lisilokatwa, akalia kwa sauti, na simu akaiacha hewani ili amsikie.